Mwalimu, mimi ni mtu wa fasihi: nitaiwezaje hisabati yenye kikomo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuoni, nasoma historia na fasihi. Kwenye ratiba nimekuta somo la lazima linaloitwa hisabati yenye kikomo. Hesabu niliachana nazo sekondari, tena kwa alama ambazo sitazitaja. Hizi ni hesabu za aina gani? Kwa nini mtu wa fasihi alazimishwe? Nianzie wapi nisije nikafeli, na je, ninunue kile kikokotoo kikubwa cha kuchora grafu?

JIBU: Marahaba. Naanza na kikokotoo kwa kuwa ndilo jepesi: usinunue, labda kama mhadhiri wako ameagiza. Cha kawaida, chenye kitufe cha vipeo, kinatosha. Kwa miaka niliyofundisha somo hili sijaona aliyefeli kwa kukosa kikokotoo. Nimeona wengi waliofeli kwa kusoma swali haraka, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa kirefu.

Hesabu nyingi zilizokutesa sekondari zilikuwa zinakuandalia njia ya kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika mfululizo bila kukatika: mwendo, joto, mteremko wa mstari uliopinda. Humu tunashughulika na vitu unavyoweza kuvihesabu kimoja kimoja vikaisha. Watu tisa wanapiga kura. Herufi nane zinapangwa. Kete inarushwa mara nne. Maswali yake ni ya namna hii: kuna njia ngapi, lipi linaelekea kutokea zaidi, lipi ni bora chini ya masharti haya. Ndiyo maana ya hicho kikomo.

Somo lenyewe ni changa kuliko unavyodhani. Mwaka 1957 walimu watatu wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, John Kemeny, Laurie Snell na Gerald Thompson, walichapisha kitabu cha utangulizi kilichokusanya mantiki, seti (makundi ya vitu), uwezekano, matriksi (majedwali ya namba) na mengineyo mahali pamoja, wakiwafikiria wanafunzi wa elimu ya jamii na ya viumbe ambao mifano ya fizikia haikuwa ikiwasaidia. (Kemeny huyohuyo ndiye aliyeshirikiana na Thomas Kurtz mwaka 1964 kuunda BASIC, lugha ya kompyuta ya wanaoanza.) Kwa hiyo usihisi umeingia kwenye nyumba ya watu. Nyumba hii ilijengwa ukiwa unafikiriwa wewe.

Vyuo havifanani, na ni vyema ukaomba muhtasari wa somo mapema. Baadhi huegemea kura, mgawanyo wa haki na mitandao ya vituo na njia. Wengine huegemea matriksi, riba na kupanga matumizi ya rasilimali. Karibu wote wanapitia seti, kuhesabu njia na uwezekano, na hapo ndipo alama nyingi hupatikana au kupotea.

Sasa lile la kusoma. Chukua sentensi hizi mbili. Ya kwanza: kati ya wanachama 10, wachaguliwe watatu kuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ya pili: kati ya wanachama 10, wachaguliwe watatu waunde kamati. Mtu mwenye haraka anaona 10, anaona 3, anaona kuchagua, anachukua kanuni ya kwanza aliyoikariri. Lakini katika ya kwanza, mimi kuwa mwenyekiti nawe katibu si sawa na wewe kuwa mwenyekiti nami katibu. Nafasi ya kwanza ina watu 10, ya pili wamebaki 9, ya tatu 8, kwa hiyo njia ni 10 × 9 × 8, yaani 720. Katika ya pili vyeo havipo. Watatu walewale ukiwapanga namna zote sita wanabaki kuwa kamati ileile, kwa hiyo zile 720 zimehesabu kila kamati mara sita, na jibu ni 120. Hiyo 6 haikutoka kwenye kanuni, imetoka kwenye kusoma neno "kamati" na kuelewa kwamba kamati haina wa kwanza wala wa mwisho.

Nami nilikosea hapa, si katika kuhesabu bali katika kufundisha. Miaka yangu ya mwanzo nilitoa kanuni ya mipangilio (kama ile ya vyeo) Jumatatu, ya michaguo (kama ile ya kamati) Jumatano, na mazoezi ya kila moja siku yake. Darasa lilipata alama nzuri kila wiki. Ulipokuja mtihani uliochanganya maswali, nusu yao hawakujua lipi ni la lini. Walikuwa wamejifunza kujua siku, hawakujifunza kusoma swali. Tangu hapo sitoi kanuni mpaka mtu aniandikie njia zote kwa mkono kwenye mfano mdogo.

Tufanye hivyo hapa. Herufi za neno BABA zinaweza kupangwa kwa namna ngapi tofauti? Andika: BABA, BAAB, BBAA, ABAB, ABBA, AABB. Sita. Kama herufi zote nne zingekuwa tofauti, tungekuwa na 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Zile 18 zimekwenda wapi? Zipake rangi: B nyekundu na B nyeusi, A nyekundu na A nyeusi. Kila neno katika yale sita sasa linagawanyika mara nne, kwa sababu B mbili zinaweza kubadilishana nafasi, na A mbili pia. 6 × 4 ni 24. Ukizifuta rangi, unagawanya kwa 2 kwa ajili ya B na kwa 2 tena kwa ajili ya A. Ukishaliona hilo kwenye BABA, huogopi BARABARA: herufi nane zingetoa mipangilio 40,320, lakini A ziko nne (gawanya kwa 24), B mbili (gawanya kwa 2), R mbili (gawanya kwa 2). Unabaki na 420. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeziandika zote 420, ila kwa kuwa ulizigusa zile sita kwa mkono, 420 hizi unaziamini.

Hii ndiyo mbinu ninayoomba uibebe muhula mzima: ukikwama, punguza namba. Swali la watu 10 lifanye la watu 4. Andika zote. Tazama zimejirudia wapi. Kisha rudi kwenye 10.

Kwenye seti utakutana na jambo ambalo wewe, mtu wa lugha, utalifurahia. Neno "au" tunavyolitumia kila siku mara nyingi hutaka uchague upande mmoja: utakaa au utaondoka? Katika hisabati "au" haitengi: anayesoma historia au fasihi ni yule wa historia, yule wa fasihi, na yule wa zote mbili. Kisha kuna kale kaneno kadogo "tu", kanakoua watu. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, 25 wanasoma historia, 18 fasihi, na 9 wanasoma zote mbili. Wangapi hawasomi hata moja? Ukijumlisha 25 na 18 unapata 43 katika darasa la watu 40, na hapo shaka ikuingie. Wale 9 umewahesabu mara mbili. Toa 9, unabaki na 34, kwa hiyo sita hawamo. Na wanaosoma historia tu si 25 bali ni 16. Chora miduara miwili inayoingiliana, ile ya Venn, na anza kujaza katikati, pale inapokutana, ndipo uende pembeni. Wanaoanza pembeni hukosea karibu kila mara.

Mantiki nayo utaifahamu kwa sura. Kama kila aliyetia saini waraka fulani alikuwa mwanachama, je, kila mwanachama alitia saini? Hapana. Je, asiyekuwa mwanachama hakutia saini? Ndiyo, bila shaka. Mwanahistoria anayeyachanganya hayo mawili anaharibu sura nzima ya tasnifu yake. Kwenye somo hili utapoteza alama mbili tu.

Uwezekano ndio moyo wa somo. Wanahistoria hupenda kuuanzishia mwaka 1654, Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua kuhusu michezo ya bahati. Moja ya maswali ya zama hizo: ukirusha kete mara nne, je, ni busara kuweka dau kwamba utapata sita angalau mara moja? Anayesoma haraka anasema kila mrusho una nafasi 1 katika 6, mara nne ni 4/6. Kwa hesabu hiyo, ukirusha mara sita ungekuwa na uhakika kamili, na yeyote aliyewahi kushika kete anajua si hivyo. Neno la kusoma hapa ni "angalau". Kupata sita angalau mara moja kunajumuisha mara moja, mbili, tatu na nne, ambayo ni mambo mengi, ilhali kinyume chake ni jambo moja: kutopata sita hata mara moja. Nafasi ya kukosa katika mrusho mmoja ni 5/6, na katika minne ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 625/1,296, kama 0.482. Toa kwenye 1, unapata kama 0.518. Dau lina faida, ila ndogo sana. Kila unapoona "angalau mmoja", jiulize kwanza kuhusu "hata mmoja".

Swali lako la kwa nini mlazimishwe lina jibu zuri hapahapa, kwenye uwezekano wenye sharti, yaani nafasi ya jambo ukishajua kwamba jambo jingine limetokea. Tuseme chuo kinatumia programu ya kunasa insha zilizonakiliwa. Wenye programu wanasema inanasa asilimia 80 ya zilizonakiliwa, na inakosea kwa asilimia 4 tu ya insha halali. Insha yako imenaswa. Je, ni karibu hakika kwamba umenakili? Acha kanuni, chukua insha 1,000, na tuseme 50 kati yake kweli zimenakiliwa. Programu inanasa 40 kati ya hizo 50. Insha halali ni 950, na asilimia 4 yake ni 38, ambazo zinanaswa ingawa hazina kosa. Zilizonaswa jumla ni 78, na zilizonakiliwa kweli ni 40, kama asilimia 51. Yaani mbele ya kamati ya nidhamu, karibu nusu ya waliokaa kwenye benchi hawana hatia.

Tazama sentensi zilizotutega. "Asilimia 80 ya zilizonakiliwa hunaswa" na "asilimia 80 ya zilizonaswa zimenakiliwa" zinafanana kwa sikio, lakini ya kwanza inahesabu ndani ya wale 50 na ya pili ndani ya wale 78. Kiswahili kinatusaidia kwa ile "ya": linalokuja baada yake ndilo kundi tunalohesabu ndani yake, ndilo linalokaa chini ya mstari wa sehemu. Piga mstari chini ya neno hilo kabla hujaandika namba yoyote. Na ukija kukaa kwenye kamati ya aina hiyo siku moja, utakuwa umeelewa kwa nini nilitaka usome somo hili.

Kura ni mada nyingine ninayoipenda, na kama chuo chako hakiifundishi, isome mwenyewe. Watu tisa wanachagua rangi ya fulana za chama chao. Wanne wanapenda nyeupe, kisha buluu, kisha kijani. Watatu wanapenda kijani, kisha buluu, kisha nyeupe. Wawili wanapenda buluu, kisha kijani, kisha nyeupe. Ukihesabu chaguo la kwanza tu, nyeupe ina kura 4, kijani 3, buluu 2, na nyeupe imeshinda. Ukisema anayeshika mkia atoke na wengine warudie, buluu inatoka, wapenzi wake wawili wanakwenda kijani, na kijani inashinda 5 kwa 4. Ukishindanisha rangi mbilimbili, buluu inaishinda nyeupe 5 kwa 4 na kuishinda kijani 6 kwa 3, kwa hiyo buluu ndiyo mshindi. Ukitoa pointi 2 kwa chaguo la kwanza na 1 kwa la pili, buluu inapata 11, nyeupe 8, kijani 8. Watu walewale, mapenzi yaleyale, hakuna aliyeiba kura hata moja, na rangi zote tatu zimeshinda kwa njia moja au nyingine.

Mfaransa Condorcet alionyesha mwaka 1785 kwamba mambo yanaweza kuharibika zaidi: ya kwanza ikaishinda ya pili, ya pili ikaishinda ya tatu, na ya tatu ikaishinda ya kwanza. Mwaka 1951 Kenneth Arrow akathibitisha kwamba chaguo zikishafika tatu, hakuna utaratibu wa kuunganisha mapendeleo ya watu uwezao kutimiza kwa pamoja masharti machache ambayo kila mmoja angeyaona ya haki, isipokuwa ule wa kumwachia mtu mmoja aamue yote. Baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 1972. Mwanafunzi wa historia asiyejua hili husoma matokeo ya uchaguzi bila kuuliza kanuni ya kuhesabu iliwekwa na nani.

Matriksi na ile sehemu ya kutafuta faida kubwa kabisa chini ya masharti nitazipitia upesi, kwa sababu ni kazi ya subira kuliko ya fikra. Kwenye matriksi makosa ni ya alama za kutoa na kujumlisha, basi. Andika kila hatua, usiruke. Kwenye masharti, utachora mistari, itabaki sehemu yenye pembe, na utaambiwa jibu liko kwenye kona. Usikubali bila kuona: chora mstari wa faida, ule unaopita kwenye alama zote zenye faida sawa, weka rula juu yake, isogeze bila kuipinda kuelekea faida kubwa. Mahali pa mwisho rula inapoachana na ile sehemu ni kona, au ukingo mzima wenye kona mbili. Masharti yakiwa mengi, kompyuta hutembea kona hadi kona kwa mbinu aliyoibuni George Dantzig mwaka 1947. Riba juu ya riba nayo ni kuzidisha kunakojirudia: kwa asilimia 8 kwa mwaka, deni lisilolipwa huwa karibu mara mbili baada ya miaka 9.

Lakini usiyaache matriksi kabla ya kufika kwenye minyororo ya Markov, yaani mfuatano wa mambo ambamo linalofuata hutegemea lililopo sasa, maana huko kuna zawadi ya mtu wa fasihi. Mwaka 1913 Andrei Markov, mwanahisabati Mrusi, alichukua herufi 20,000 za mwanzo za Yevgeni Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akahesabu irabu na konsonanti kwa mkono. Irabu zilikuwa 8,638, kama 0.432 ya zote. Kisha akauliza: baada ya irabu, ni mara ngapi hufuata irabu nyingine? 0.128. Na baada ya konsonanti? 0.663. Kwa hiyo herufi hazidondoki ovyo, kila moja inaikumbuka iliyoitangulia. Sasa fanya hesabu hii ndogo. Ita sehemu ya irabu v. Irabu huja ama baada ya irabu ama baada ya konsonanti, kwa hiyo v = 0.128v + 0.663(1 − v). Kusanya: 1.535v = 0.663, na v ni 0.432, ileile aliyoipata kwa kuhesabu moja moja. Mara ya kwanza nilipoifanya hii niliinuka kitini. Chukua ukurasa wa hadithi ya Kiswahili, lugha inayopenda kumalizia silabi kwa irabu, uhesabu wenyewe. Namba zako hazitafanana na za Kirusi.

Kuhusu maandalizi, una kazi ya kama wiki mbili kabla ya muhula: kuzidisha na kujumlisha sehemu, asilimia, kutatua milinganyo miwili yenye herufi mbili, na kuchora mstari kwenye grafu. Aljebra nyingine iache ilipo. Muhula ukianza, kila swali la maneno liandike upya kwa sentensi zako kabla ya kuandika namba, na ukimaliza andika jibu kwa sentensi kamili pia: "Kamati zinazowezekana ni 120." Sentensi ikisikika ya kipuuzi, rudi nyuma. Watu wa fasihi mnaliweza hili kuliko wanafunzi wangu wa uhandisi, ambao huniachia 120 ikining'inia peke yake ukurasani.

Nakuachia moja ya kujipima usiku huu. Herufi za KARAKANA zinaweza kupangwa kwa namna ngapi tofauti? Ukipata 40,320, umezichukulia zote kuwa tofauti. Ukipata 1,680, umezikumbuka A nne ukazisahau K mbili. Jibu ni 840.